Mlango wa Kushoto

Nyumba Na. 1, ghorofa ya chini,
Umoja, Nairobi.
Jumatano, 8 Oktoba 2025

Kwa Bi Jacky,
Mwenyekiti, Jumuiya ya Mtakatifu Monika,
Ghorofa ya tatu, ploti hii hii.

Bi Mwenyekiti,

MINT: ZIARA YENU YA JANA JIONI

Nakuandikia kwa sababu simu si mawasiliano ya heshima, na ngazi za kufika kwako hazikujengwa kwa ajili ya magoti yangu. Opiyo, mlinzi wa ploti, atakuletea barua hii.

Kwanza, ahsante. Tangu mke wangu Kathini afariki, miaka minane sasa, kila Oktoba nimewasikia mkipita koridoni na sanamu ya Mama Maria, mkiimba, mkiipeleka ilale nyumba hii leo na nyumba ile kesho. Kila mwaka nyimbo zilipita mlango wangu utadhani ndani ni stoo. Sikulalamika. Nadhani ndilo jambo pekee katika ploti hii ambalo sijalilalamikia. Jana mliingia. Mlipiga magoti juu ya zulia la marehemu. Jambo hilo nimelipokea na kuliweka kwenye kumbukumbu.

Pili, makosa. Jana ilikuwa Jumanne. Kila Mkatoliki aliyepata komunyo ya kwanza anajua kwamba Jumanne tunasali Matendo ya Uchungu. Ninyi mlisali Matendo ya Furaha, tena kwa haraka ya watu wanaokimbia mvua. Mlipomaliza tendo la nne mkafanya ishara ya msalaba na kuaga. Tendo la tano, la Yesu kupatikana hekaluni, hamkuligusa. Mmewaacha Maria na Yosefu wakimtafuta mtoto wao Yerusalemu, nanyi mkaenda kulala.

Kwa sababu hiyo, sanamu itabaki kwangu mpaka ibada ifanywe ipasavyo. Leo tunasali Matendo ya Utukufu. Mfike saa moja jioni. Viatu vivuliwe mlangoni na vipangwe, visitupwe.

Wako katika Kristo na katika kanuni,
B. Muthama,
Karani Mkuu (Mstaafu).
Nakala: Faili.

*

Umoja,
Alhamisi, 9 Oktoba 2025

Waithera wangu,

Au nikuite Sista? Hujaweka nadhiri bado, kwa hivyo nitakuita nilivyozoea. Najua huko konventi wamewafungia simu kabatini mwaka mzima wa unovisi, basi pole, itabidi usome mwandiko wangu.

Mdogo wangu, Mama Maria ametekwa nyara. Usicheke.

Unamkumbuka Mzee Muthama wa ghorofa ya chini? Yule wa mabango ya ONYO kila ukuta. Yule aliyeniandikia barua ya kurasa mbili kwa sababu jinzi zangu zilizoanikwa zilimdondokea shati. Kwenye matanga ya mkewe alisimamisha maombi katikati akaiambia kwaya kwamba wanamwimbia marehemu kwa mwendo wa gwaride. Watu wakabeba vitabu vyao wakaondoka. Tangu siku hiyo jumuiya haijakanyaga kwake.

Sasa, Jumanne sanamu ilikuwa inaenda kwa Lenah. Unamjua, ana mimba kubwa, daktari amemwambia asitoke kitandani mpaka ajifungue, na tangu mwezi uanze amekuwa akiingoja hiyo siku. Ameshona hata kitambaa cha maua cha kuweka chini ya sanamu. Lenah yuko mlango wa kulia, Mzee yuko mlango wa kushoto, wanatazamana. Tulipofika ngazi ya mwisho stima ikapotea. Upepo ukazima mshumaa. Ondiek, mwimbishaji wetu, ndiye alibeba sanamu, anaimba amefumba macho kama kawaida yake, akakata kushoto. Sisi tukamfuata. Mlango ulikuwa wazi. Tukaingia, tukaimba mpaka tukamaliza beti, ndipo tochi ikawaka na tukamwona Mzee Muthama amesimama katikati ya nyumba na fulana na kikoi.

Waithera! Nilijua atatufukuza. Akatuangalia mmoja mmoja, akasema, "Karibuni."

Hakuna mtu wa ploti hii aliyewahi kusikia hilo neno likitoka kwa huyo mtu. Tukasali kwa hofu, tukasali vitu visivyo vya siku hiyo, mimi nikawakonyeza watu tukatoka. Sanamu tukaiacha, maana ungeibebaje mbele yake? Kesho yake nikaletewa barua. Anafikiri tulienda kwake makusudi, na hataki kumwachilia Mama mpaka tusali vizuri.

Tulirudi jana. Nilienda kuchukua sanamu na kumwambia ukweli, nilikuwa nimejipanga. Lakini alikuwa amepanga viti. Viti vyote alivyonavyo, kigoda, hadi mtungi wa maji ameuwekea mto juu ili mtu akalie. Na alikuwa amevaa suti. Suti, Waithera, ndani ya nyumba yake mwenyewe! Badala ya kumwambia, nikaketi. Tulisali matendo yote matano bila kukosa hata Salamu Maria moja. Alipoulizwa sanamu akasema Ondiek ameimba nje ya sauti, turudi leo.

Watu wamekasirika. Kuna wanaotaka tuende kwa nguvu tuichukue, kuna wanaotaka padre amwondoe kabisa kwenye jumuiya. Ondiek ananiambia, "Mwenyekiti, huyo buda ni mnoma, mwambie tu tulipotea njia." Nimewaomba wasiseme neno. Nikimwambia Mzee kwamba tulikosea mlango, hatafungua tena, mpaka tumbebe kwenye jeneza.

Mimi simpendi, nikuambie ukweli. Naweza kumvumilia. Huko mliko karibu na Mungu, hebu niulizie: kuvumilia peke yake kunatosha?

Dada yako mwenye kichwa kinachouma,
Jacky

*

Nyumba Na. 1,
Ijumaa, 10 Oktoba 2025

Bi Mwenyekiti,

MINT: IBADA YA JANA

Matendo ya Mwanga yalisaliwa kwa utaratibu wa kuridhisha. Hata hivyo:

Bwana Ondiek bado anapanda juu mno kwenye kiitikio.

Yule mama wa ghorofa ya pili alisinzia kuanzia tendo la pili. Asikaripiwe. Nimechunguza na kugundua kwamba kosa ni la kiti, ni laini kupita kiasi.

Vikombe havikutosha, na watu wawili walikunywa chai kwa zamu. Kosa hilo ni langu na limerekebishwa. Leo chai itakuwa na tangawizi. Marehemu hakupika chai bila tangawizi, na mimi sijainunua tangu aondoke.

Jana asubuhi jinzi zako zilidondokea tena shati langu. Kwa sasa sitalifuatilia.

Kuhusu ombi lako la mdomo kwamba sanamu ivuke koridoni kwa Bi Lenah: naelewa hali yake. Wimbo wa leo ukiimbwa bila kosa, sanamu itavuka kesho, na nitaibeba mimi mwenyewe.

Naomba pia, kama si usumbufu, muimbe ule wimbo wa matanga ya Kathini. Safari hii polepole.

B. Muthama,
Karani Mkuu (Mstaafu).
Nakala: Faili.

*

Nyumba Na. 1,
Jumamosi, 11 Oktoba 2025

Bi Mwenyekiti,

MINT: KURUDISHA MALI YA JUMUIYA

Jana mlipomaliza kuimba, na wewe ukiwa jikoni unasuuza vikombe, Bwana Ondiek alinisimulia kwa kicheko jinsi stima ilivyopotea Jumanne na jinsi mlivyokuwa mnaelekea mlango wa Bi Lenah. Alidhani najua. Nilicheka pamoja naye, kwa adabu.

Nilikuwa nimeelewa vibaya. Karani anapaswa kuthibitisha jambo kabla ya kuliweka kwenye kumbukumbu, nami sikuthibitisha.

Sanamu nimemkabidhi Opiyo aipeleke mlango wa kulia, ilikokuwa ikienda. Mimi nakwenda Donholm kwa binti yangu Ndindi. Tangawizi iliyobaki iko kwenye mfuko mlangoni, mtu aichukue kabla haijanyauka.

Barua hii haihitaji jibu.

B. Muthama

*

Umoja,
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Mzee wangu Muthama,

Umesema barua yako haihitaji jibu. Hilo nalo utalilalamikia, maana najibu.

Ni kweli. Jumanne tulikosea mlango. Tulipoona ni kwako nusu yetu tulitaka kukimbia. Tulisali Matendo ya Furaha kwa sababu hofu ilitutoa Jumanne kichwani, na tendo la tano lilirukwa kwa sababu mimi, mwenyekiti, niliwakonyeza watu watoke. Halafu nikakuficha ukweli. Ilipasa uambiwe na mimi, nimeketi mbele yako, si Ondiek akiwa na kikombe chako mkononi. Nisamehe, Mzee. Nimelia, na mimi silii ovyo, uliza wateja wangu wa mitumba pale Mutindwa.

Lakini kuna nusu ya pili ambayo Ondiek hakukusimulia. Jumatano stima ilikuwepo. Alhamisi ilikuwepo. Ijumaa taa za koridoni ziliwaka mpaka wadudu wakajaa. Kila mtu aliuona mlango, akaujua ni wako, akavua viatu, akavipanga, akaingia. Hakuna aliyekosea.

Sitakudanganya kwamba Jumatano nilikuja kwa mapenzi. Jumatano nilikuja kuchukua sanamu. Alhamisi nilikuja kwa sababu nilikuwa nimeona mto juu ya mtungi. Na Ijumaa nilifunga kibanda mapema, na wateja wakiwa bado wanapekua nguo, kwa sababu nilitaka tu kuja. Yule mama anayesinzia aliniuliza njiani kama leo atapata kile kiti.

Wewe ni mtu mgumu, Mzee. Sitakupamba. Umenilalamikia maji, sufuria, jinzi, na jinsi ninavyofunga geti. Lakini mimi nami si rahisi; mdogo wangu alikimbilia konventi, na sina hakika ni Mungu pekee aliyemwita. Kama Yesu angesubiri wanafunzi wake wawe watu rahisi, angekula peke yake mpaka leo. Aliketi nao vile vile walivyokuwa, akatuambia na sisi tufanye hivyo, na mimi nilikuwa nikisoma maneno hayo kila Alhamisi kwenye jumuiya huku nikikuruka wewe.

Rudi nyumbani. Lenah amempokea Mama Maria, amemweka juu ya kile kitambaa, lakini anauliza mbona hukumleta wewe.

Jirani yako,
Jacky

*

Konventi,
Alhamisi, 16 Oktoba 2025

Jacky,

Barua yako niliisoma chapeli, nikacheka kwenye kimya kikuu, na sasa nina adhabu ya kumenya viazi vya nyumba nzima. Ahsante sana.

Uliuliza kama kuvumilia kunatosha. Nilimuuliza mlezi wetu. Alinitazama tu kwa ile miwani yake, kwa hivyo nitakujibu mimi. Hapa kuna novisi mwenzangu, Ndinda. Kitanda chake kiko karibu na changu. Ananirekebisha kila kitu: ninavyokunja shuka, ninavyokata mkate, hata ninavyopiga chafya. Nilikuwa namvumilia vizuri sana, nikijipongeza kila usiku. Wiki jana alienda kwao Kangundo mazishini. Nilikunja shuka nilivyotaka. Nilipiga chafya nilivyotaka. Siku ya pili nikajikuta nazikunja shuka kama anavyotaka yeye, na nachungulia dirishani kama gari la misheni limerudi. Nilikasirika kweli! Hakuna aliyeniambia kwamba mtu anayekuudhi anaweza kukuingia moyoni wakati umeshughulika kumvumilia.

Huyo Mzee hamkatalii Mama Maria kuondoka, Jacky. Anawakatalia ninyi. Mtu asiyekutaka hahesabu makosa ya wimbo wako, anafunga mlango. Mwambie ukweli wewe mwenyewe kabla hajausikia kwa mtu mwingine. Halafu endeleeni kwenda.

Naomba uniletee sabuni ya kipande siku ya kutembelewa, na habari za mwisho wa utekaji nyara.

Wako,
Waithera

*

Umoja,
Jumatatu, 20 Oktoba 2025

Waithera,

Ushauri wako ulifika jambo limeshaharibika. Ondiek alimwambia. Mzee alirudisha sanamu siku iliyofuata akahamia kwa binti yake Donholm. Nilimwandikia. Kimya.

Mama Maria anaendelea na safari yake, nyumba kwa nyumba, kila kitu kinaenda sawa, na mimi sina raha. Ondiek naye hasemeki. Kila jioni anajifungia anafanya mazoezi ya kile kiitikio, ashuke pale Mzee alipotaka. Jana alipatia, akatoka nje mbio kumwambia mtu, akakumbuka nyumba ya chini iko tupu.

Habari njema: Lenah amejifungua msichana salama salimini! Kelele zake zinasikika mpaka kwangu. Lenah anasema sanamu ilikuwa kando ya kitanda uchungu ulipoanza, na kwamba mtoto ana hasira za Mzee Muthama. Tulicheka mpaka nesi wa kliniki akatutoa.

Sasa nikuambie kitu na usimwambie mtu. Tangu wiki iliyopita naanika jinzi zangu upande wa dirisha la Mzee. Naziloweka vizuri, siziminyi, naziacha zidondoke. Hakuna anayeniandikia.

Wewe na shuka zako mlinielewa kabla sijajielewa.

Ijumaa ya tarehe thelathini na moja ndiyo jioni ya mwisho kabla ya kurudisha sanamu parokiani. Kwenye kikao watu waliuliza zamu hiyo itakuwa kwa nani. Niliogopa kumtaja Mzee, maana ni wale wale waliotaka afukuzwe. Ondiek akasimama, akasema, "Ni kwa Mzee. Asipofungua tutasalia hapo koridoni." Hakuna aliyepinga. Yule mama wa kusinzia alisema aachiwe kile kiti. Nimemtuma Opiyo Donholm na ujumbe.

Niombee, na umwombee yeye zaidi.

Jacky

*

Donholm,
Jumatano, 29 Oktoba 2025

Kwa Bi Jacky,
Mwenyekiti, Jumuiya ya Mtakatifu Monika.

Bi Mwenyekiti,

MINT: IBADA YA KUFUNGA MWEZI WA ROZARI

Barua yako ya tarehe kumi na mbili niliipokea. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa naithibitisha. Ndindi anasema nimeisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Anatia chumvi, imechanika mkunjo mmoja tu.

Nimepitia kumbukumbu zangu na kuona kwamba usemayo ni kweli: Jumatano, Alhamisi na Ijumaa taa za koridoni zilikuwa zikiwaka. Niliziona mwenyewe kupitia chini ya mlango, nilipokuwa nimesimama nawasubiri.

Nami nina marekebisho. Bwana Ondiek haimbi nje ya sauti. Kosa hilo nililibuni, Jumatano na Alhamisi pia. Na Ijumaa mlipouimba wimbo wa Kathini polepole, nilitafuta kosa kila ubeti nikalikosa, nikaanza kuogopa, kwa sababu sikuwa tena na sababu ya kuwaita Jumamosi. Ndipo akanisimulia ya mlango. Mwambie sina neno naye. Mwambie akitaka apande juu kwenye kiitikio, apande.

Hapa Donholm nyumba ni nzuri. Watu hupiga simu kabla ya kuja, halafu hawaji. Hakuna anayekosea mlango.

Opiyo ameniarifu kuhusu jinzi zako na dirisha langu. Jambo hilo halivumiliki hata kidogo. Narudi kesho asubuhi kulishughulikia ana kwa ana.

Kuhusu Ijumaa: ujumbe wenu umekubaliwa. Mlango wa kushoto utakuwa wazi kuanzia saa kumi na mbili. Ndindi amenipa vikombe. Kile kiti laini hakitakaliwa na mtu mwingine. Bi Lenah aje na mtoto, na mtoto aruhusiwe kulia, hata wakati wa Litania. Yule mama aliyemtafuta mwanawe Yerusalemu ataelewa.

Jambo la mwisho. Kanuni inasema Ijumaa ni Matendo ya Uchungu. Kanuni hiyo naijua na nimeifundisha watu. Lakini kwangu mliacha kazi haijaisha, na kila nikilala nawafikiria Maria na Yosefu wakizunguka mji ule. Kwa hivyo Ijumaa tusali Matendo ya Furaha. Akiuliza padre, mimi ndiye niliyekosea. Tuyasali polepole, na safari hii tufike tendo la tano, mtoto apatikane.

Muthama,
wa jumuiya yenu